Barua Mbili za Magdalena Nandonde

Ndugu, majirani na wote mliofika kutushika mkono, familia imenituma niwasomee maisha ya mama yetu mkubwa, Magdalena Nandonde, na niseme mapema kwamba karatasi hii imeandikwa mara tatu na bado hatujaridhika nayo.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Mei 1962 huko Kitangari, Newala, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1970 hadi 1976, akatoka na mwandiko mzuri kuliko ndugu zake wote, na tarehe 8 Septemba 1984 akafunga ndoa ya kanisani na marehemu Sixbert Nandonde, wakahamia hapa Lindi mjini, wakajaliwa watoto wawili, Leonard na Witness.

Mwaka 1989 alijenga tanuri la kukaangia korosho nyuma ya nyumba, na moshi wake ndio uliowasomesha watoto. Jioni alichota kwenye kigae maganda ya korosho yanayofuka, akayapitisha chumbani kwa watoto ili mbu watoke, na majirani wakaiga, maana nani alijua?

Mwaka 2022 bwana afya alipoleta pendekezo la sheria ndogo ya kuhamishia matanuri nje ya makazi, Mama Leonard ndiye aliyeandika barua ya kupinga, akazunguka nyumba hadi nyumba akapata saini 46, na kwenye mkutano wa mtaa wa tarehe 19 Juni alisimama akasema moshi huu ni dawa, na wanaoulalamikia wanadeka tu. Tulipiga makofi, pendekezo likafa palepale.

Februari 2024 kifua kilianza kumbana, akapelekwa hospitali, daktari akamuuliza amevuta sigara miaka mingapi, naye akakasirika kwelikweli, kwani hajawahi kuishika. Alipoulizwa anafanya kazi gani, alijibu, kisha njia nzima ya kurudi nyumbani akawa anahesabu miaka aliyovuta moshi wa tanuri.

Tarehe 3 Machi 2025 alimwandikia Mwenyekiti wetu wa mtaa, ndugu Abilahi, barua ya pili, akiomba mkutano uitishwe upya, sheria ile ipitishwe, na tanuri lake liwe la kwanza kubomolewa. Watu walisema ugonjwa umemvuruga, na sisi, tusifiche, tuliwaza hivyohivyo. Witness, ambaye sasa ndiye anayeliendesha tanuri hilo na kulisha wanawe kwalo, hadi leo haelewi inakuwaje mama aliyemfundisha kukaanga ndiye huyohuyo aombe lizimwe. Alipomuuliza, marehemu alimwomba amfungie dirisha.

Alifariki nyumbani Jumanne tarehe 11 Novemba 2025, saa nne asubuhi, dirisha likiwa limefungwa na tanuri likiwaka. Kuhusu sababu ya kifo familia haikuafikiana, hivyo tumeandika kifua.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani mliopokezana kumkandia mgongo, na wabanguaji wenzake mliofunga kazi siku tatu hizi. Ndugu Mwenyekiti, tunakushukuru kwa maturubai, na tunakukumbusha kwa heshima kwamba barua ile ya pili unayo tangu Machi. Witness hajui wiki ijayo atakaangia wapi, lakini asubuhi ya leo ameomba jina lake liongezwe kwenye barua hiyo, chini ya jina la mama yake.

Mama mkubwa, tulichelewa kukusikia. Pumzika kwa amani.