Wiki Tisa za Kadi na Ufuta wa Mama

Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu! Itikieni kwa nguvu, maana nimesimama hapa kwa aibu, na mwenye aibu anahitaji kubebwa na sauti za wenzake. Asifiwe tena!

Mimi ni binti wa Mama Anjelina wa Miteja, na ni mimi yule ninayeandika vitabu. Najua mnavyolitamka hilo, mmekunja midomo. Leo sikuja kusoma kitabu. Nimekuja kushuhudia jinsi Bwana alivyonitoa katika kifungo cha kadi zenye picha, na jinsi nilivyomwangusha mama yangu kabla sijatoka.

Na niseme mapema, kabla wamama wa maombi hawajaninyooshea mikono: sikupagawa. Ningekuwa na pepo ingekuwa afadhali, pepo hukemewa akaondoka. Mimi nilikuwa na maboksi tisa.

Boksi la kwanza nilipewa na mgeni aliyelala kwenye nyumba ya wageni kule Kilwa Masoko, nilipokuwa nakaa mapokezi. Alikuja kuona magofu, na siku ya kuondoka akaniachia kadi za taroti, sabini na nane. Mtu anazichanga kama karata, anavuta moja, anasoma maana yake kwenye kijitabu. Akasema zitanisaidia kuandika. Kweli zilinisaidia. Mhusika wangu akikwama, navuta kadi, napata pa kumpitisha. Nikaagiza boksi la pili, safari hii la kadi za utabiri, zisizo na wafalme wala malkia, zenye maneno ya mashauri tu. Kisha la tatu. Binamu yangu wa Dar akawa ananitumia kwa basi, yamefungwa kama viatu, na kondakta akinikabidhi ananiuliza, "Dada, wewe unavaa namba ngapi?" Yakafika tisa. Na mimi nikawa siwezi tena kuchagua hata kanga ya kuvaa bila kuvuta kadi.

Ndipo dada yangu kule Lindi alipojifungua mapacha kwa upasuaji, na Mama akalazimika kwenda kumtunza. Akaniachia shamba. Eka mbili na nusu za ufuta, zimeanza kutoa maua. Wajomba walicheka mbele yangu. "Dada, ufuta unamwachia mtu wa kalamu?" Mama akawajibu, "Namwachia mwanangu," akabeba mfuko wake akaenda zake barabarani. Ufuta ule ulikuwa mwaka wetu mzima, chakula na sare za mdogo wangu na bati la jiko. Lakini kwangu ulikuwa zaidi ya hayo. Ilikuwa mara ya kwanza Mama kuniachia kitu kinachoweza kufa.

Sasa sikilizeni upumbavu, ndugu zangu!

Kwenye simu nilikuwa nimewaona watu wa nchi za mbali wanaopitia kadi zao wiki kwa wiki. Kila Jumatatu wanafungua boksi jipya, kila asubuhi wanavuta kadi moja na kuandika daftarini, Jumapili wanalifunga. Eti ili kila boksi lipate haki yake. Nikasema, nami nina maboksi tisa na wiki kama tisa za kulinda shamba. Nikaona ni mpango wa Mungu! Maboksi yakapata haki. Ufuta haukupata.

Wiki ya pili ilikuwa ya wanyama wa nchi za baridi. Nikavuta dubu. Mimi ni mtu wa Miteja, ninaowajua ni tembo waliokanyaga mihogo yetu, nikakaa asubuhi nzima na jembe magotini nikiwaza dubu anayelala wakati wa theluji anataka kuniambia nini. Magugu yakaniangalia, nami nikayaangalia. Wiki ya nne ilikuwa ya malaika. Nimefundishwa Mikaeli, Gabrieli na Rafaeli. Mle ndani walikuwa arobaini na wanne, wote wana nywele nzuri, na hakuna hata mmoja aliyesema jambo akalimaliza. Huyu anasema huenda, yule anasema sikiliza moyo wako. Moyo wangu ulikuwa unasikiliza kadi, sasa nani alikuwa anasema?

Nimekasirika hadi leo, mnisamehe. Marehemu babu yangu alikuwa mpiga ramli, nalisema bila kujivunia. Lakini mtu alikwenda kwa babu mara moja kwa mwaka, akaambiwa neno moja, akarudi nyumbani kulala. Mimi nilikwenda kila asubuhi na nikarudi na swali kubwa kuliko nililokwenda nalo.

Mama alipiga simu Jumapili alipopata mtandao. Jumapili ya wiki ya saba akaniuliza, "Majani ya chini yamepukutika?"

"Yameanza, Mama."

"Na matumba ya chini?"

"Yana unjano."

"Basi ingia, mwanangu. Usingoje yakauke juu."

"Ndiyo, Mama."

Ndugu zangu, nilijua! Hapo ndipo panaponiuma. Ufuta haungoji. Ukiukata mapema haujajaa, ukiuchelewesha matumba yanapasuka yenyewe na mbegu zinamwagika chini, na mbegu ya ufuta ikishaingia kwenye vumbi haiokoteki. Mtoto wa Miteja anayajua hayo kabla hajajua kusoma. Lakini Jumatatu nikafungua boksi la nane, nikavuta kadi iitwayo Saba ya Sarafu. Ina picha ya kijana ameegemea jembe, anatazama mmea wake uliozaa. Kijitabu kikasema: subira, usiharakishe matunda. Shamba, jembe, matunda, kila kitu kimo! Nikaona mbingu zimefunguka juu ya Miteja. Jumanne nikavuta mtu aliyening'inizwa mguu mmoja, kichwa chini. Kijitabu: ngoja. Jumatano nikavuta tena, ikatoka ileile Saba ya Sarafu. Nikangoja.

Alhamisi akaja Bi Zaituni. Huyu ni jirani yetu wa shamba, Mwislamu safi, na kwa ukoo ni mtani wetu. Mnajua mtani alivyo. Anaweza kukutukana msibani, anaweza kukunyang'anya chungu jikoni, nawe huna ruhusa ya kununa. Alinikuta barazani nimetandaza kadi kwenye mkeka.

"Astaghfirullah! Kamari asubuhi yote hii?"

"Shikamoo, Bi Zaituni. Si kamari."

"Marahaba, mvivu. Ufuta wenu umeanza kucheka, matumba yanafungua midomo. Ufuta ukicheka, mwenye shamba analia. Wewe unangoja nini?"

Kwa kuchoka nikamweleza. Nikamwonyesha kijana na jembe lake. Akaitazama kadi kwa mbali, kisha kwa karibu.

"Huyu anafanya kazi saa ngapi?"

"Anasubiri, Bi."

"Anasubiri mkwe wake amletee uji. Lete huku!" Akazizoa kadi zote kwenye upande wa kanga yake, na mimi, kwa kuwa ni mtani, nikamwachia. Akavuta moja, akaiweka sikioni. "Huyu nani?"

"Malkia wa Panga."

"Malkia anasema kata ufuta." Akavuta nyingine. "Na huyu mwenye mbwa?"

"Mwezi."

"Mwezi anasema kata ufuta. Mbwa naye anasema, tena anabweka." Akavuta kadi ya Kifo, mifupa imepanda farasi. "Yalaa! Huyu hata simuulizi. Huyu ameshakula chake, anakwenda kwa jirani."

Akazirudisha mkekani, akanambia, "Mtani, ukoo wenu wote vichwa vigumu, lakini wewe umewapita," akaenda zake akicheka.

Nami nilifanya nini? Msicheke! Nilisema hazikuchangwa sawasawa. Nilisema aliyezivuta hakuwa na nia safi. Nikasema wiki ya nane haijaisha, nitaanza boksi la tisa Jumatatu, nalo litaamua.

Ijumaa na Jumamosi upepo wa kusi ukavuma, mkavu. Nikiwa barazani nilisikia shamba likichakacha kama mtu anayetikisa njugu kiganjani, na nikaandika sentensi nzuri kuhusu sauti ile. Niliandika sentensi, ndugu zangu!

Jumatatu asubuhi jua limeshapanda nikaingia shambani, boksi la tisa likiwa kwenye kikapu, bado na nailoni yake. Nikashika shina la kwanza. Likatema. Mbegu zikanimiminikia miguuni, nyeupe, nyepesi, kama mtu ananinawisha. Nikashika la pili, likatema. Nikatazama chini. Kati ya mistari yote kulikuwa kumetandazwa ufuta, na sisimizi wamejipanga kutoka mwanzo wa shamba hadi mwisho, kila mmoja amebeba punje yake. Hakuna aliyekuwa anamwuliza mwenzake kitu.

Nikapiga magoti. Sikupiga magoti kusali, nilipiga magoti kuokota. Nikaokota punje moja moja na vumbi lake, nikijaza kiganja, na kiganja hakikujaa. Ndipo nikalia, "Bwana, niambie nifanye nini!" Na nikiwa bado nalia neno hilo, nikaona mkono wangu wa kulia umo kikapuni unachana nailoni.

Sikuutuma. Naapa mbele yenu, mkono ule ulikwenda wenyewe.

Hapo, ndugu zangu, macho yangu yakafunguliwa. Hapakuwa na radi. Niliuona tu mkono wangu, kama unavyoona mkono wa mtu mwingine ndani ya mfuko wako. Nikasema, "Bwana, hiki ndicho ulichotaka nikione." Nikaacha kikapu palepale, nikakimbia kwa Bi Zaituni peku.

Hakunisimanga, na kwa mtani hiyo ni ishara kwamba hali ni mbaya. Alisema tu, "Sasa hivi usiguse hata shina. Tutakata alfajiri, umande ukiwa bado umeshika matumba." Alfajiri tatu alikuja na turubai zake na wakwe zake wawili. Mmoja anakata, mmoja anatandaza turubai chini ya mganda, tunabeba taratibu kama tumebeba mtoto mchanga. Tulichookoa hakikufika nusu.

Mtafikiri ushuhuda umeishia hapo. Nami nilifikiri hivyo! Nikazichoma kadi zote nyuma ya choo. Zile kadi zina plastiki, haziungui, zinajikunja na kutoa moshi mbaya, mpaka Bi Zaituni akapiga kelele kutoka kwake akiuliza Wakristo wanapika nini. Nikaungama kwa padre. Nikawa mtu mpya. Kisha Jumapili Mama akapiga simu akauliza, "Umemaliza kuvuna?" Nikajibu, "Nimemaliza." Nikakata simu nikijua lazima niende Lindi nimwambie uso kwa uso. Na ili nijue siku ya kwenda, mnajua nilifanya nini? Nikafunga macho, nikafungua Biblia, nikaweka kidole.

Msinitazame hivyo. Wengi wenu mnafanya.

Jumatatu kidole kikaangukia fulani akamzaa fulani. Nikaona si siku ya safari. Jumanne kikaangukia vipimo vya mapazia ya hema. Siku ya tano kikaangukia ukurasa mtupu, ule wa kati ya agano na agano, nami nikakaa kuutafuta ujumbe wa ukurasa mtupu! Katekista wetu alipita kuazima ndoo, akaniona nimefumba macho, kidole kiko hewani. Akasimama. Akauliza, "Unatafuta nini?"

"Nataka kujua kama niende kwa Mama."

"Hujui kama uende kwa mama yako?"

Nikafumbua macho, nikashusha kidole.

"Dada, hicho kitabu si bao la ramli. Kiweke chini, ukapande basi." Akachukua ndoo yetu, akaenda.

Nikapanda basi. Kilwa hadi Lindi nilikaa bila kadi, bila kidole. Kitomanga tuliposimama, akina mama wakatuinulia machungwa dirishani, nikayanunua, nikajichagulia mwenyewe matatu makubwa, na machozi yakanitoka kwa jambo dogo kama hilo.

Nilimkuta Mama uani kwa dada anaanika nepi. Nikamsalimia, nikamwambia yote nikiwa nimesimama. Kadi, dubu, malaika, kijana na jembe. Hakugeuka hadi alipomaliza kamba nzima.

"Kadi tisa?"

"Maboksi tisa, Mama."

"Maboksi." Akafunga macho. "Na mimi nilikwambia kwa mdomo wangu."

"Uliniambia."

Akakaa kwenye kinu. Hakunifokea. Natamani angenifokea. Alihesabu kimya kimya vitu ambavyo havitakuwepo mwaka huu, niliona midomo yake. Kisha akauliza, "Mbegu?"

"Nimetenga debe moja. Katika ile iliyokomaa vizuri, kabla hatujaupepeta mwingine. Nimeitia majivu, iko juu ya dari."

"Nani alikwambia utenge?"

"Hakuna aliyeniambia."

Mtoto mmoja akaanza kulia ndani, Mama akainuka kwenda, na mlangoni akasema bila kugeuka, "Basi msimu ujao utapanda wewe. Mimi nitakaa barazani."

Ndugu zangu, huo ndio wokovu wangu, hauna moshi wa ajabu. Namshukuru Bwana aliyenyamaza nilipomtaka aseme, maana alikwisha kusema kwa njano ya matumba, kwa mama yangu na kwa mtani wangu, nami nikamtaka aseme tena kwa kadi. Ewe unayenisikiliza, kama kuna jambo unalijua na bado unazunguka kuuliza, mtegemee aliyekupa akili na mikono, ukalitende leo. Hatakuacha ukikosea. Mimi nimekosea eka mbili na nusu, na bado hajaniacha.

Na wale walioninong'oneza pale nje, kwamba kama kuna boksi lililobaki niwavutie kadi moja tu: hakuna. Rudini nyumbani, mashamba yenu yanawangoja. Amina.