Bi Saa Nane Anaaga Dawati la Malalamiko ya Teksi

Ijumaa tarehe 30 Juni, Bi Saa Nane atafunga droo yake kwa mara ya mwisho. Amelitumikia jiji miaka thelathini na mmoja na miezi minne, yote katika Kitengo cha Leseni za Teksi, ghorofa ya pili.

Wafanyakazi wapya hudhani jina hilo alilipata kwa kurudi kazini saa nane mchana baada ya chakula, dakika haipungui wala haizidi. Sivyo. Ni saa nane ya usiku, na waliombatiza ni madereva wa teksi. Mimi nimekaa dawati la pili kutoka lake kwa miaka ishirini na minne, ndiyo maana nimeombwa nieleze ilivyokuwa.

Aliajiriwa kama mpiga chapa. Mashine yake ilisikika hadi masjala, na karani wa huko alikuwa akisema kuwa watu walishtuka iliponyamaza tu. Mwaka wa saba akapewa dawati la malalamiko, ambalo wengine wote tulikuwa tumelikwepa kwa visingizio vya kila aina. Yeye akafuta vumbi, akasogeza kiti dirishani, akaanza kazi.

Barua zilizoletwa pale zilifanana. Abiria wa usiku anaikaribia teksi, dereva anashusha kioo upana wa kidole, anauliza, "Wapi?" Akisikia ni karibu, kioo kinapanda: "Nina mtu wangu namsubiri." Walioandika walikuwa wahudumu wa mahoteli, wauguzi, walinzi, watu waliotoka kazini wakati mabasi yamekwisha kulala. Majibu yetu nayo yalifanana: "Malalamiko yako yamepokelewa na yanashughulikiwa." Sentensi hiyo niliitunga mimi. Nilijivunia ufupi wake.

Mwaka wake wa kumi na tisa, Jumanne moja asubuhi, aliingia mama mmoja dobi wa hospitali, mkono wa kulia umefungwa plasta hadi kwenye kiwiko. Alikuwa ametoka zamu saa saba usiku. Teksi sita zilimkataa kwa sababu nyumbani kwake si mbali. Akaamua kutembea, akatumbukia kwenye mtaro usio na mfuniko. Hakuja na barua mpya. Aliweka mezani jibu letu la miezi miwili nyuma, akalinyoosha kwa mkono mzima, akasema, "Barua yenu ninayo. Naomba mnisomee maana yake."

Mimi nilijitia kutafuta faili. Bi Saa Nane alimvutia mgeni kiti, akamwambia, "Haina maana, dada yangu. Nisamehe." Usiku uleule akaenda kwenye kituo cha teksi mbele ya hospitali, na daftari.

Hakwenda peke yake. Mumewe, fundi cherehani ambaye sote hapa tunamwita shemeji, alibeba vigoda viwili na chupa ya chai akiamini ni shughuli ya usiku mmoja. Zilikuwa siku ishirini na mbili, kila usiku hadi saa nane, na hapo ndipo madereva walipombatiza. Wifi yake aliwauliza kama awapelekee na kitanda. Daftari linaonyesha abiria mia nne na kumi na wawili, waliokataliwa mia moja na hamsini, na katika hao, mia moja na kumi na wanane walikuwa wakienda chini ya kilomita tatu.

Ofisi ilishaandaa dawa yake: kufuta leseni. Lakini usiku wa tisa alikuwa amefanya jambo ambalo sisi wataalamu hatukuwahi kulifikiria. Alifungua mlango wa teksi iliyokuwa mkiani mwa foleni, akaketi, akamuuliza dereva kwa nini. Yule baba alizima redio. "Mama, mimi hapa huwa nakaa kwenye foleni kwa muda wa saa mbili na nusu," alisema. "Nikikupeleka hapo jirani, nikirudi naanza upya mkiani. Kunakucha nimebeba wawili. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

Bi Saa Nane alirudi ofisini na jibu. Dereva anayechukua safari fupi apewe kadi na mlinzi wa kituo, na akirudi ndani ya nusu saa asimame mbele. Basi.

Alichokipata kwanza ni barua ya onyo, kwa kukaa vituoni bila kibali na kuchelewa kazini mara sita. Mkubwa wetu wa wakati huo aliuliza kikaoni, "Unataka kuendesha jiji kwa vipande vya karatasi?" Kupandishwa cheo kwake kukasogezwa mbele miaka mitatu. Nilikuwa mwandishi wa kikao kile. Niliandika kila neno na sikusema hata moja. Hajawahi kunikumbusha, na hilo limeniuma kuliko kama angenikumbusha.

Hata hivyo hakuacha. Kadi alizikata mwenyewe kutoka kwenye majalada mabovu, akazigonga muhuri. Wiki ya kwanza ilikuwa vichekesho vitupu. Dereva mmoja alimpakia mdogo wake mwenyewe, akazunguka naye jengo la hospitali mara nne, na kila akirudi anadai kusimama mbele. Bi Saa Nane alicheka hadi akajifuta machozi, kisha akaongeza mistari miwili kwenye kadi: abiria anaenda wapi, na saa ya kuondoka. Mzunguko ukaisha.

Baada ya miezi mitatu alirudi na vigoda vyake kuhesabu upya. Kwa usiku kumi, waliokataliwa walikuwa kumi na mmoja. Leo kadi zinatumika katika vituo tisa, na barua ya kwanza ya pongezi katika historia ya dawati lile ilitoka kwa chama cha madereva.

Tusidanganyane, kazi haijakwisha. Mvua ikinyesha vioo bado vinapanda, na upande wa viwandani hakuna kituo mpaka leo. Hayo anatuachia sisi. Ametuachia pia kanuni yake kwamba kila jibu liwe na jina na namba ya simu ya aliyeliandika. Mke wangu alinihoji mwezi mzima kuhusu mwanamke aliyekuwa akinipigia alfajiri, hadi alipopokea mwenyewe akasomewa malalamiko ya dakika ishirini.

Kwa mtu aliyeidhinisha leseni za madereva zaidi ya elfu nne, Bi Saa Nane hajui kuendesha gari. Sasa atajifunza. Mwalimu ni mkwewe, na shemeji ametangaza kwamba atawatazama akiwa barazani.

Tulitaka kumwandalia tafrija ya usiku yenye muziki. Aliuliza jambo moja tu: nani atafagia ukumbi tukishaondoka, na atafikaje nyumbani. Kwa hiyo karibuni Ijumaa saa sita mchana, na viti tutavipanga wenyewe.

Asante, mama, kwa kutufundisha kutoka nje ya jengo hili. Mungu akupe afya, usingizi wa kutosha na barabara nyeupe.