Sale Alilipokea, Malalamiko Hakuyafuta

Marehemu Mwalimu Skolastika Lesikar alizaliwa tarehe 9 Mei 1951 huko Kibosho, mtoto wa tatu wa mzee Ndesanjo. Mimi Agnela ni mdogo wake wa mwisho.

Alisomea ualimu, akaanza kazi mwaka 1973. Alifundisha hesabu. Mwanafunzi aliyeleta jibu bila kuonyesha njia alirudishwa kwenye dawati, hata kama jibu lilikuwa sahihi. Mwaka 1977 alifunga ndoa na Bwana Lesikar wa hapa Oldonyo Sambu. Ukoo wetu ulinuna kwa kuwa si Mchaga, harusi ikafanyika.

Shule binafsi zilipofunguliwa, alihamia moja ya pale mjini, iliyowakatia wafanyakazi bima ya afya. Mwaka 2001 alipatikana na saratani ya titi. Kampuni ya bima ikagoma kulipia matibabu, ikidai aliugua kabla ya kujiunga. Ushahidi hawakuwa nao. Najat, karani wa shule, alikuwa amenyimwa upasuaji wa moyo kwa maneno hayohayo. Dada akawashtaki kwenye ofisi ya serikali inayosimamia bima, kwa ajili yao wote wawili.

Ndipo meneja wa kampuni, Bwana Stanley, Mchaga mwenzetu, akaja nyumbani na jani la sale. Wageni mfahamu, Mchaga akiletewa sale hakatai kusamehe. Alitaka dada afute malalamiko, naye atatibiwa kimyakimya. Na Najat je? Hilo lingeangaliwa baadaye. Sisi ndugu tulimsihi akubali, maana tulimwona anavyokonda. Dada alilipokea sale kwa mikono miwili.

"Wewe nimekusamehe, mdogo wangu," alimwambia Stanley. "Kampuni haijaniletea sale, na Najat hajatibiwa."

Baada ya miezi mitano serikali iliiamuru kampuni iwalipie wote wawili, na isimkatae tena mgonjwa bila ushahidi wa daktari. Dada alitibiwa, akarudi darasani. Saratani ilimrudia mwaka 2005, akafariki hospitalini tarehe 14 Machi 2006.

Wapo wanaonong'ona hapa kwamba ubishi wake ndio uliomuua. Nawajibu mbele ya jeneza lake: waliomchelewesha ni wale waliomnyima matibabu. Nimekasirika, na sitaificha hasira yangu leo.

Ameacha mume, watoto wawili, Irine na Loishiye, na wajukuu wanne. Ameacha pia Najat, ambaye asubuhi hii amepanda kilima hiki kwa miguu yake. Najat, simama wakuone.

Mwalimu wetu sasa apumzike kwa amani.