Koma za Phelista

Kwenye benchi la nje ya kibanda cha kahawa, karibu na soko la Kitale, Waithaka alikuwa ameishika simu kwa mikono yote miwili, maana mmoja siku hizi unatetemeka. Hapo hapo mtaani ndipo alipowachapia watu barua kwa taipureta miaka nenda miaka rudi, mpaka wakamwita Taipu. Keshokutwa mkewe anazikwa kwao Kamukuywa, na maneno ya mume lazima yamfikie mchapaji leo yaingie kwenye kijitabu cha mazishi. Vidole vimegoma. Ndiyo maana binti yake amemwekea simu inayoandika ukiongea.

— Phelista alizaliwa Kamukuywa koma akasomea huko huko koma...

— Wacha kutaja koma, Mzee! akasema Kemboi, fundi wa redio wanayemwita Injinia. Si inajiwekea? Inasikia ukivuta pumzi.

— Ati pumzi? akacheka Simiyu, mkulima wa Mabanga. Kuna mwalimu huko ng'ambo anasikiza, anaweka nukta haraka haraka.

— Mwalimu gani halali usingizi, bana? akadakia Kemboi. Hiyo kitu inapima moyo. Ndio usiweke kwa mfuko ya shati.

— Basi yako itajaza koma tu, vile unaogopa bibi!

Waithaka akatazama simu. Yote yameandikwa: kuzaliwa kwa Phelista, kisha mwalimu wa ng'ambo, mfuko wa shati na bibi wa Injinia. Akacheka mpaka machozi yakamtoka. Phelista angecheka kumshinda.

— Mnajua vile nilimpata? akasema. Alikuja nimwandikie dadake barua, huko Bungoma. Huyo msichana alikuwa anaongea bila kupumua! Koma zake zote niliweka mimi. Nikimwambia atulie, ananiambia, "Wewe piga tu, si ndiyo kazi yako?" Akarudi na barua ingine, na ingine. Mwisho hana hata mtu wa kuandikia, na bado anakuja.

Waithaka alizitamani siku zile kwa uchungu, mlio wa taipureta, na yule msichana ameinama begani pake kuyaona maneno yake yakitokea. Akafuta upuzi wote, akaanza upya pole pole, huku akitaja koma na nukta mwenyewe. Wenzake hawakuthubutu hata kukohoa.

Alikuwa ameishusha simu tu, Linah wa duka la mchapaji akafika kuchukua kazi. Akasoma akiwa amesimama.

— Pole sana, Mzee. Iko sawa. Lakini hapa mwisho imeandika "Phelista wangu", halafu hakuna kitu. Ulikuwa unataka kusema nini?

Kemboi akamwangalia Simiyu. Simiyu akaangalia kikombe chake. Waithaka akaisogeza simu mdomoni. Simu ikangoja kidogo, kisha ikaacha kusikiliza. Wenzake waliendelea kungoja.