Mama Bergthora, Miaka Thelathini na Minane ya Kuandika Alichosikia

Binti yangu Runa, wa miezi tisa, ametoka kutafuna kipande cha karatasi chenye tarehe, kwa hiyo naiandika upya: Mama Bergthora Einarson anastaafu Ijumaa hii, Juni 30, 1989, baada ya miaka thelathini na minane kwenye gazeti letu la Sauti ya Ziwa. Ni mwanamke wa kwanza kuripoti baraza la mji wetu wa Arnesvik. Mimi, Halla, ndiye wa kumrithi, madiwani wakikubali niingie na Runa, maana sina wa kumwachia. Jambo hilo wanalipigia kura sasa hivi. Mama yumo ndani, anaandika kikao chake cha mwisho. Mimi nangoja ngazini.

Alipoanza, ukumbi wa mji ulikuwa umeungua, baraza likawa linakutana baa, upande wa wanaume, ambako kisheria mwanamke hakuruhusiwa. Basi akasimama nje, dirishani, kwenye theluji. Wino ukaganda, akashika penseli.

Asichokisikia hakukiandika. Siku madiwani walipopitisha kwamba mbwa wote wafungwe, upepo ulivuma, naye akaandika: "Baraza lilikaa kwa saa tatu. Hakuna lililosemwa." Watu wakasoma, mbwa wakabaki huru. Meya Thorvaldson, aliyekwisha kung'atwa mara mbili, akamjia juu.

"We mama, tulipiga kura!"

"Mlimpigia nani, mheshimiwa? Mimi sikusikia."

Wiki iliyofuata madiwani saba wakatoka na viti vyao, wakaketi kwenye theluji, makoti hadi puani, wakipayuka hoja zao mbele yake. Ikawa hivyo miaka sita! Diwani Olafson aligandamana na kiti, akabebwa nacho hadi kwake. Mama akaandika kwamba ameondoka na mali ya baa.

Sheria ilipobadilika akaingia ndani, na kwa lile joto akasinzia. Gazetini akakiri: "Mwandishi alilala." Kikao kilichofuata madiwani wenyewe wakarudi naye nje, ili wasikike.

Mimi shule niliishia darasa la nane. Alinikuta nafagia ofisi, akanipa penseli. "Andika unachosikia, mwanangu. Ukiogopa, andika kwamba umeogopa."

Nimeogopa, Mama. Asante kwa penseli. Wenzako wote tunakuombea afya, kahawa moto na usingizi usiohitaji kuripotiwa.

Huyo, ananiita mlangoni: "Halla! Nne kwa tatu! Mbebe mtoto uje, wameshaanza!"

Basi, Mama, sisi sote tunakutakia... ngoja, naingia.