Marehemu Tuomo na Antena Iliyokataa Kutazama Juu

Ndugu waombolezaji, mimi ni Helvi, mdogo wake marehemu, na wasifu huu nausoma mimi kwa sababu wengine wote wamekataa.

Marehemu Tuomo Rautakorpi alizaliwa hapa mjini Kuopio, Ufini, tarehe 9 Machi 1951, akasoma hapo hapo, kisha chuo kikuu mjini Helsinki, ambako alijifunza mengi isipokuwa kusema samahani. Mwaka 1980 alimwoa Kaarina, mtafiti mwenzake, wakajaliwa binti mmoja, Sanelma.

Kazi yao ilikuwa kupima matone ya mvua kwa rada, kwani tone kubwa likianguka hubonyea, likawa bapa kama mkate uliokaliwa, na kwa ubapa huo rada hujua ukubwa wake. Likitazamwa kutoka chini, hata hivyo, kila tone ni duara, ndiyo maana watu wa rada, manyunyu yakianza, huielekeza antena juu kabisa, na ikiona ubapa hata huko, basi chombo kinadanganya.

Mwaka 1996 marehemu alitangaza kwamba mvua ya kwetu ina matone makubwa ajabu, akapigiwa makofi, akavimba kichwa. Kaarina alimwambia mezani, nami nipo, "Tuomo, igeuze antena juu, dakika chache tu."

Akacheka. "Antena yangu si kuku anayekunywa maji, bibi wee. Kama unanionea wivu, sema."

Lo! Heri huyo kuku. Kaarina alipolirudia jambo hilo kikaoni, marehemu alimwita mwenye wivu mbele ya wenzao, wakaangua kicheko, na mwaka uliofuata Kaarina akaondolewa kazini, akamchukua Sanelma, akaenda zake. Baadaye wengine waliigeuza antena, ikaonekana ni hitilafu tupu, matone makubwa hayakuwepo. Marehemu alijua, akafyata mkia, hakumsafisha mkewe jina mpaka kiharusi kilipomchukua tarehe 14 Oktoba 2021, hapa Kuopio.

Tunawashukuru madaktari, aliowatukana, na majirani, aliowanunia. Nanyi wenzake wa kazini, asanteni kwa maua, ni mazuri mno, mngempelekea Kaarina wakati ule badala ya kumcheka.

Wifi Kaarina, uliyekaa huko nyuma karibu na mlango, ulisema kweli, na leo wamesikia walewale waliokucheka.

Kaka, nje kuna manyunyu, na tumekulaza chali, uso juu, kama ulivyoombwa. Haya, pumzika kwa amani.