Samaki Wazuri wa Dukani

Dada aliyekaa mbele yangu kwenye basi alikuwa amefumbata flashi kama ushahidi wa kesi. Pembeni yake mzee mmoja alikuwa amevua kiatu kipya cha kushoto, anakanda vidole.

"Nachora ramani za majengo," dada alimwambia. "Laptopu yangu nikilizungusha jengo kwenye skrini, picha inaganda. Leo nimekwenda kununua nyingine, nimebeba mchoro wangu mzito zaidi kwenye flashi hii niijaribu kwanza. Muuzaji amekataa katakata. Ananionyesha video ya samaki wa rangi."

"Si walikuwa wanaogelea vizuri?"

"Mzee wangu, mimi sijengi samaki."

"Boksi limeandikwa ina nguvu ya picha, mwanangu. Kila mtu akichomeka flashi yake, virusi vitammaliza mwenye duka."

Nilitaka kumjibu mzee mwenyewe. Hata tikiti maji tunaligonga kwanza.

"Keshokutwa namwonyesha mteja hospitali ya ghorofa nne," dada alisema. "Ikiganda, kazi anapewa mwingine. Boksi litanitetea? Wewe hicho kiatu ulikijaribu?"

Mzee alikitazama. "Boksi lilikuwa na namba yangu."

Basi likasimama. Dada alishuka kurudi dukani kudai tena kuijaribu. Mzee alimfuata akichechemea, kiatu mkononi akakibadilishe, bado anamtetea muuzaji.